Mwenyeji ni nani? Uraia, mpaka na neno la jirani mkoani Kagera

Mwezi Februari 2025, tulipokuwa tukisoma habari za uchaguzi wa Ujerumani katika matangazo ya asubuhi, simu za studio hazikutulia. Chama cha AfD, ambacho kinataka wageni wapunguzwe na wengine warudishwe makwao, kilikuwa kimeshika nafasi ya pili kwa asilimia 20.8 ya kura. Msikilizaji mmoja wa Kamachumu alisema Wazungu wameanza tena ubaguzi wao. Dakika chache baadaye ukaingia ujumbe mfupi kutoka Kimwani: "Mtangazaji, mbona mnakwenda mbali? Kimbunga mmeshasahau?"

Hatukuwa na jibu la dakika mbili. Makala hii ndiyo jibu tulilokuwa tunadaiwa. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo ihifadhi kwenye simu uisome kwa awamu, na ukikutana na mzee anayeijua historia ya kijiji chenu, msomee asikie.

Mpaka ulipita juu ya watu

Mzee wa Missenyi au wa Ngara anaweza kukwambia kwamba yeye hakuuendea mpaka, mpaka ndio uliomkuta nyumbani. Ana haki ya kusema hivyo. Mwaka 1890, Uingereza na Ujerumani zilipogawana nchi zetu, zilikubaliana kwamba upande wa magharibi wa ziwa mpaka wao upite kwenye mstari wa digrii 1 kusini mwa ikweta. Mstari huo haukufuata mto wala kilima, wala haukuuliza nani ni mtu wa mtawala gani. Ndiyo sababu leo ipo ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, ileile ambayo Idi Amin aliivamia mwaka 1978 akidai ni ya Uganda.

Upande wa machweo mambo yalikuwa na mchanganyiko zaidi. Hadi Vita Kuu ya Kwanza, Rwanda na Burundi zilikuwa ndani ya koloni moja na sisi, la Wajerumani. Mtu aliyetoka huko mwaka 1905 kuja Bukoba hakuvuka mpaka wa nchi nyingine. Baada ya vita Wabelgiji walizichukua Rwanda na Burundi, Waingereza wakaichukua Tanganyika. Hata hapo mstari uliendelea kucheza. Gisaka, iliyoko mashariki mwa Rwanda, ilikaa kwa muda chini ya Waingereza kisha ikarudishwa Rwanda mapema katika miaka ya 1920. Bugufi, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, ilibaki Tanganyika na leo imo ndani ya Wilaya ya Ngara. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana vizuri. Kinyambo cha Karagwe na Kinyankore cha Uganda vivyo hivyo. Anayedai anaweza kumtambua mgeni kwa lafudhi, huku kwetu anabahatisha tu.

Halafu kuna kahawa. Ilipoanza kuleta fedha katika enzi za Waingereza, vijana wa Rwanda na Burundi walikuja kwa miguu kutafuta kibarua. Wengine walipitiliza hadi Buganda, wengine wakasimama Kianja, Ihangiro na Kiziba. Walipalilia vibanja vya watu, wakapewa chakula na mahali pa kulala, na wapo waliopewa kipande cha rweya wakajenga. Walioa hapa, watoto wao wakaitwa majina ya Kihaya na wakabatizwa katika parokia zilezile. Yapo maeneo ya Muleba ambako kila mtu anajua ni nyumba ipi ambayo babu yake alikuja na jembe begani. Kwa miaka mingi jambo hilo halina uzito wowote. Linapata uzito siku kibanja kinapogombaniwa.

Sheria ilisema nini

Suala la nani awe raia wa Tanganyika lilijadiliwa bungeni Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Baadhi ya wabunge walitaka uraia wa moja kwa moja uwe wa Waafrika weusi peke yao. Mwalimu Nyerere alipinga kwa ukali. Hoja yake ilikuwa kwamba taifa likianza kupima uraia kwa rangi ya ngozi, litakuwa linarudia uovu uleule ambao wananchi walikuwa wakiupigania utoke.

Wapo waliofikiri tofauti. Zuberi Mtemvu alikuwa amejitenga na TANU mwaka 1958 na kuanzisha chama cha ANC kilichosema Afrika ni ya Waafrika tu. Siasa hiyo haikuingia kwa wapiga kura. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1962 Mtemvu alipata chini ya asilimia 2. Kwa hiyo tukisema siasa za kubagua wageni ni ugonjwa wa Wazungu, tunakosea. Nasi tulipelekewa, ila wakati ule hatukuinunua.

Lakini sheria hiyohiyo ya Uhuru ilikuwa na sharti jingine ambalo halikupigiwa kelele. Ili uwe raia moja kwa moja tarehe 9 Desemba 1961, haikutosha kuzaliwa Tanganyika. Ilitakiwa mmoja wa wazazi wako awe naye amezaliwa Tanganyika. Kwa Mhaya wa Kanyigo hilo halikuwa tatizo. Kwa mtoto wa kibarua aliyetoka Rwanda akaoa mwenzake aliyetoka Burundi, lilikuwa shimo. Zilikuwapo njia za kuomba kuandikishwa, lakini jiulize ni nani, kijijini Muleba mwaka 1962, aliyemwendea kibarua wa shambani kumweleza kwamba anatakiwa kuomba. Watu waliendelea kulima, wakalipa kodi, wakapiga kura. Wengi walidhani wameshamaliza.

Leo tunatumia Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357. Inatambua uraia wa kuzaliwa, uraia wa kurithi kwa wazazi, na uraia wa tajnisi, yaani ule ambao mgeni anauomba. Hapa tunaomba msikilizaji usome polepole. Kifungu cha 5 ukikisoma kilivyoandikwa, kinasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano baada ya Muungano ni raia, isipokuwa katika hali chache, kama vile mtoto wa mwanadiplomasia. Katika utendaji, Idara ya Uhamiaji imekuwa ikidai zaidi ya hapo: mmoja wa wazazi awe raia. Kati ya maandishi na utendaji kuna pengo, na watu wengi wa mikoa ya mpakani wanaishi ndani ya pengo hilo bila kujua. Mtu anasema "nimezaliwa Rubya", akidhani amejibu swali. Afisa aliye mbele yake anauliza swali jingine kabisa: mama yako na baba yako walikuwa raia wa wapi?

Wapo pia ambao maofisa wa Uhamiaji huwaita walowezi. Hao ni wageni walioingia zamani, wakazeeka hapa, na hawana karatasi ya nchi yoyote. Mlowezi wa miaka 70 aliyekuja mgongoni mwa mama yake na jambazi aliyevuka juzi na bunduki, wote katika habari tumekuwa tukiwaita "wahamiaji haramu". Tunasema "tumekuwa" kwa sababu nasi watangazaji tumo. Neno hilo tulilisoma hewani mara nyingi bila kujiuliza linamwangukia nani.

Wageni waliopokelewa na waliofukuzwa

Rekodi ya Tanzania kwa wakimbizi si ya kuonea aibu. Watutsi waliokimbia Rwanda kuanzia mwaka 1959 walipokelewa Ngara na Karagwe. Wengine walitufikia kupitia Uganda, pale serikali ya Obote ilipowafukuza Wanyarwanda wa Mbarara na maeneo ya jirani mwaka 1982. Mwaka 1980 serikali ilikubali kuwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Mwaka 2014 ikakamilisha uraia wa Warundi 162,156 wa mwaka 1972 na watoto wao, wale wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nchi chache duniani zimefanya hivyo kwa watu wengi kiasi hicho kwa mara moja.

Kati ya matukio hayo kuna mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Waliokuwapo Ngara wanakumbuka misitu ilivyokatwa ikaisha na visima vilivyokauka. Wanakumbuka pia kwamba miongoni mwa wakimbizi walikuwamo wauaji. Desemba 1996 serikali iliwataka warudi Rwanda kabla ya mwaka kuisha. Wakarudi, wengi wao wakisindikizwa na vyombo vya dola. Tangu hapo neno "Mnyarwanda" lilibadilika sauti katika vinywa vya watu wa Kagera. Silaha za vita vya Rwanda, Burundi na Kongo zilizagaa. Aliyesafiri kwa basi miaka ile anakumbuka pori la Kasindaga, na jinsi magari yalivyokuwa yakikusanywa yasindikizwe na askari. Hofu ya watu ilikuwa na sababu. Tungesema hapa kwamba ilikuwa chuki tupu, msikilizaji aliyevuliwa viatu na fedha zake porini angezima simu, na tusingemlaumu.

Ardhi nayo ilizidi kuwa finyu. Ng'ombe wengi waliingia katika mapori ya akiba kama Burigi na katika maeneo ya ranchi, na wakulima wa Muleba na Karagwe walilalamika kwamba mifugo ya "watu wa nje" inakula mazao yao. Mwaka 2006 maelfu ya watu waliotajwa kuwa Wanyarwanda waliondolewa Kagera pamoja na ng'ombe wao. Yale ya 2006 yalikuwa utangulizi.

Kimbunga

Tarehe 25 Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete aliongoza Siku ya Mashujaa Kaboya, wilayani Muleba, mahali walipozikwa askari wetu wa vita vya Kagera. Siku chache baadaye, akiwa Biharamulo, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili wawe wameondoka. Miezi miwili nyuma, Mei, alikuwa amependekeza mjini Addis Ababa kwamba Rwanda izungumze na waasi wa FDLR, na Kigali ilikuwa imekasirika sana. Serikali haikuwahi kusema operesheni ilihusiana na mzozo huo. Lakini huku vijijini watu walikuwa wakisikia redio, na ukiwa na jina lenye harufu ya Kinyarwanda, wiki zile hukulala vizuri.

Operesheni Kimbunga ilianza tarehe 6 Septemba 2013 katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walikuwa wameshaondoka wenyewe kabla ya siku hiyo. Wengine walichukuliwa majumbani. Makumi ya maelfu ya watu waliishia Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo. Rwanda iliwapokea wa kwake katika kambi za Kiyanzi, wilayani Kirehe, na Rukara, wilayani Kayonza. Mei 2014 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za waume waliotenganishwa na wake zao Watanzania, na watoto waliobaki upande mmoja wakati wazazi wapo upande wa pili. Wapo waliofukuzwa wakiwa wameishi hapa miongo kadhaa, na waliosema vyeti vyao vilipuuzwa.

Wengi wetu hapa studioni tulikuwa vijana wa miaka ya ishirini wakati huo. Kinachotukaa kichwani ni jinsi mambo yalivyokwenda kimyakimya. Kijiji kimoja tulichokifahamu kilipoteza kaya mbili usiku, na asubuhi mbuzi wao walikuwa bado wamefungwa. Baada ya wiki mbili mbuzi hawakuwapo, na hakuna aliyeuliza walikwenda wapi.

Maana askari aliyetumwa kutoka mkoa mwingine hamjui mtu. Hawezi kutofautisha Mnyambo na Mnyarwanda kwa kutazama pua, ingawa wapo waliojaribu. Anahitaji kuambiwa. Anayemwambia ni mwenyekiti wa kitongoji, mjumbe wa nyumba kumi, mtendaji wa kijiji, au jirani aliyesimama kando ya barabara akanyoosha kidole. Wapo majirani waliokataa kunyoosha, na wapo wenyeviti waliosimama mbele ya gari wakasema huyu ni wetu, tumesoma naye. Lakini malalamiko yaliyosikika baadaye, tena na tena, yalikuwa kwamba baadhi ya vidole vilifuata shamba, ng'ombe au deni. Mlalamikiwa katika kesi ya mpaka wa kibanja ghafla akageuka kuwa Mrundi.

Hata wakubwa hawakosi

Usidhani jambo hili ni la watu wa chini pekee. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne wanaojulikana si raia. Mmoja alikuwa mwandishi wa habari Jenerali Ulimwengu. Mwingine alikuwa Anatory Amani, mwenyekiti wa CCM wa Mkoa wa Kagera. Fikiri kidogo: mwenyekiti wa chama tawala wa mkoa mzima anaambiwa si Mtanzania. Miaka kumi haikupita sana kabla ya Amani huyohuyo kuwa Meya wa Manispaa ya Bukoba. Kilichobadilika katikati si alikozaliwa.

Mahakama nayo imelitazama jambo hili. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu katika kesi ya mwanamume wa Mkoa wa Mara. Alikwenda polisi kwa shughuli za ndoa yake, uraia wake ukatiliwa shaka, na mwishowe akafukuzwa kwenda Kenya. Kenya nayo ikamkataa, akabaki akiishi katikati ya mipaka miwili. Serikali ilitegemea maelezo ya mashahidi wa kijijini waliosema hakuwa mtoto wa mtu aliyedai ni baba yake. Mahakama ilisema kwamba, kwa kuwa alikuwa ametambuliwa kama raia miaka yote, jukumu la kuthibitisha kinyume lilikuwa la serikali. Ikaongeza kwamba maneno ya mashahidi yanapogongana, kipimo cha DNA kingemaliza ubishi. Tunaliona hilo kuwa kubwa kuliko lilivyotangazwa. Kwa bahati mbaya, Novemba 2019 Tanzania iliondoa ruhusa ya mwananchi mmoja mmoja kupeleka kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Ulaya yenyewe vipi?

Sasa turudi kwa msikilizaji wa Kamachumu. Ulaya tunayoisikia kwenye habari imeunganika na sisi zaidi ya tunavyodhani. Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka mwaka 1972, Nyerere alimlaani hadharani kwa ubaguzi wa rangi. Waasia wapatao 28,000 walikwenda Uingereza. Halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda ikiwasihi wasije kwao. Miaka minne kabla, Uingereza ilikuwa imepitisha haraka haraka sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya, ingawa walikuwa na pasipoti za Uingereza, na mwanasiasa Enoch Powell alipata umaarufu mwezi uliofuata kwa kuwatisha watu kwamba wageni wataiharibu nchi. Waasia walifika Leicester hata hivyo, na leo jiji hilo linasherehekea Diwali kwa fahari.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa mwaka 2018. Uingereza iligundulika kuwa imewanyima kazi na matibabu, imewafungia na hata kuwafukuza watu waliotoka visiwa vya Karibiani tangu mwaka 1948 na kuendelea, wengi wao wakiwa wameingia wakiwa watoto na kwa haki kabisa. Kosa lao lilikuwa kutokuwa na karatasi. Na baadhi ya karatasi hizo, kadi walizojaza siku ya kushuka melini, zilikuwa zimechanwa mwaka 2010 na wizara yenyewe iliyokuwa ikizidai. Kashfa hiyo inaitwa Windrush, jina la meli mojawapo. Mzee wa miaka 60 aliyelipa kodi maisha yake yote akaambiwa athibitishe kila mwaka aliokaa nchini. Mwulize mlowezi yeyote wa Kasharunga kama habari hiyo ni ngeni kwake.

Tofauti moja ipo. Kule siasa hizi zina vyama vyake, zina kura, na zinapimwa hadharani. Kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, tarehe 23 Juni 2016, ilishinda kwa asilimia 51.9, na wahamiaji walikuwa hoja kubwa ya kampeni. Kwetu hakuna chama kinachosimama jukwaani Muleba kuomba kura kwa kusema Warundi watoke. Kwetu jambo hili hukaa katika ofisi ya kijiji, katika baraza la ardhi, na katika wiki ya kampeni pale mgombea anapoanza kunong'onezwa kwamba "huyo si wa hapa". Halihesabiwi popote. Ndiyo maana ni rahisi kusema halipo.

NIDA, laini ya simu na swali lilelile

Tangu Kimbunga swali limehamia mezani. Miaka iliyofuata maelfu ya wahamiaji wasio na vibali waliandikishwa Kagera, Kigoma na Geita kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ili ijulikane nani ni nani kabla ya kuchukua hatua. Hiyo ni njia bora kuliko gari la usiku. Kisha kikaja Kitambulisho cha Taifa. Laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, mwisho ukiwa tarehe 20 Januari 2020, asiye na namba ya NIDA alijikuta hana simu, na asiye na simu hana akaunti ya fedha ya mtandao. Katika mikoa ya mpakani uhakiki wa NIDA ni mkali, na afisa wa Uhamiaji huhoji waombaji. Kwa hiyo ndugu wawili wa nyumba moja Nshamba, mmoja anapata namba na mwingine anaambiwa asubiri, kwa sababu mmoja alikwenda na cheti cha ubatizo cha mama na mwingine alikwenda mikono mitupu.

Tunayoulizwa mara nyingi kwenye simu ni nini cha kubeba. Ushahidi wako wa kuzaliwa ni mwanzo tu. Wanachokitafuta zaidi ni wazazi wako. Cheti cha kuzaliwa cha mzazi ni adimu vijijini, lakini cheti cha ubatizo au cha ndoa chenye tarehe ya zamani, kadi ya chama cha msingi cha ushirika, leseni ya uvuvi ya zamani kwa watu wa visiwani, cheti cha darasa la saba, vyote vinasaidia kuonyesha familia imekuwa wapi na lini. Usiviache kwenye sanduku vikaliwa na mchwa. Vipige picha kwa simu na umtumie ndugu wa mbali, ili nyumba ikiungua visiungue vyote. Kama hukuwahi kusajiliwa ulipozaliwa, usajili wa kuchelewa wa RITA hufanywa kupitia ofisi ya wilaya, Muleba au Bukoba.

Kama kweli wazazi wote hawakuwa raia, usidanganye. Uongo kwenye fomu ni kosa la jinai na utakufuata wewe na watoto. Njia iliyopo ni tajnisi. Sheria inadai uwe umeishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi kabla ya hiyo uwe umeishi jumla ya miaka saba. Ujue Kiswahili au Kiingereza, uwe na tabia njema, na uwe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Uamuzi ni wa Waziri, na sheria haimlazimishi kutoa sababu akikataa. Aliye mtu mzima haruhusiwi kushika uraia wa nchi mbili, hivyo anayekubaliwa anaachana na ule wa kwanza.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote anayejiita wakala, mtafute msaidizi wa kisheria wa wilaya yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na kwa asiye na uwezo huduma yao ni bure. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza walipo.

Na kwa wenyeviti wa vitongoji na vijiji wanaotusoma: barua yenu ndiyo inayofika mezani kwa afisa kabla ya mwombaji mwenyewe. Barua nyingi tunazoonyeshwa zina mstari mmoja tu, "namfahamu ni mkazi wangu". Hiyo haimsaidii mtu. Andika anaishi kitongoji gani, tangu lini, wazazi wake ni akina nani na walizikwa wapi, alisoma shule gani, na majina ya wazee wawili wanaoweza kuulizwa. Kama kuna kesi ya ardhi kati yake na wewe au na ndugu yako, liseme hilo wazi kwa mtendaji na umwachie mwenzako aandike.